Yatokanayo

Kikao kilipangwa saa tatu. Akidi ilitimia saa nne kasorobo,
baada ya dereva kutumwa kumfuata diwani wa Kibakwe
ambaye pikipiki yake ilizama kwenye mchanga wa korongo.
Ukumbi wa halmashauri, Mpwapwa, mwezi wa nane:
upepo unaingiza vumbi kwa dirisha lisilo na kioo
na kuligawa juu ya makabrasha, sawasawa, bila upendeleo.

Mimi nilikuwa mwandishi.

Bodi ilikuwa na viti tisa kwenye waraka:
watatu wa mwajiri, watatu wa chama cha wafanyakazi,
mwanasheria, mhasibu wa nje,
na pembezoni, kwa wino, mwandiko wa mtu aliyekumbuka usiku:
mstaafu mmoja (hana kura).

Mabano yale niliyaona.
Nikayachapa.

Ajenda ya kwanza, kufungua. Ya pili, kuthibitisha ajenda.
Ya tatu, yatokanayo. Mwenyekiti wa muda, Bwana Ndahani,
akasema kwa wepesi wa mtu anayeruka shimo:
"Hakuna yatokanayo. Hiki ndicho kikao cha kwanza."
Tukacheka kidogo. Tukafunua ukurasa.

"Yapo," ikasema sauti upande wa mlango.

Sechelela Mahinyila, aliyefagia zahanati ya Chunyu
miaka thelathini na mmoja, huko ambako chai
inatiwa sukari mara mbili kuishinda chumvi ya kisima,
akainamia mfuko wake wa sandarusi
akatoa hati za mshahara, mafungu kwa mafungu,
yamefungwa kwa pindo la kanga, yananukia karanga.

"Hii ya mwaka ule wa mafuriko, reli ilipokatika Godegode.
Nami nilikatwa.
Hii ya mwaka tuliokula mbegu.
Nilikatwa.
Hii, mwanangu alikuwa wodini, nilikuwa ninafagia chini ya kitanda chake.
Nilikatwa, tena tarehe ile ile.
Kukatwa sikuwahi kupanga foleni.
Kulipwa, huu mwezi wa kumi na nne, naambiwa jalada linatembea.
Linatembea kwenda wapi, na miguu ya nani?"

Mwanasheria akakohoa. Akaeleza kwa upole
kwamba bodi hailipi, bodi haipokei madai ya mtu mmoja mmoja,
bodi inasimamia.

"Nami nimesimamia," akasema. "Jungu la uji wa wagonjwa.
Ukilisimamia umekaa, linaungua."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Bwana Ndahani
alijifuta vumbi begani, vumbi lisilokuwepo
kuliko lililokuwa mezani.

Ni yule mhasibu wa nje, binti Nyemo Chilongola,
aliyeuliza kama mabano yana sababu.
Tulitafuta sababu. Tuliitafuta mpaka chai ikaja,
tukaila pamoja na maandazi, hatukuipata.
Kura: watano waondolewe, watatu yabaki.
Sechelela hakuhesabiwa. Alikuwa bado ndani ya mabano.

Baadaye, wakati wa kusaini posho, alishika kalamu muda mrefu.
"Hii inatoka wapi? Kwenye mfuko wetu?"
Karani wa fedha akasema saini hapa, mama.
Akasaini. Akaichukua. Nauli ya Chunyu hailipwi kwa hoja.

Usiku nimekaa na kompyuta ya ofisi, umeme unakonyeza.
Hati yangu ya mshahara ipo chini ya kikombe;
ule mstari wa makato nimeuruka miaka kumi na miwili
kama jina la ukoo nisiowadai.
Leo nimeusoma. Nimeusoma tena kwa sauti.

Muundo wa muhtasari umeniandikia tayari:
Yatokanayo: Hakuna.
Nafuta neno moja. Naandika:

3.1 Mjumbe S. Mahinyila alisema yapo.
3.2 Hati zilihesabiwa mbele ya kikao: mia tatu sitini na tisa.
3.3 Tatu zililiwa na mchwa.
Mjumbe aliomba hilo nalo liandikwe.